Anayemdai Ajitokeze

Pale Mwaloni, soko la samaki na dagaa la Kirumba jijini Mwanza, habari zikifika kwamba fulani ameanguka, swali la kwanza huwa halihusu kiasi. Watu wanauliza hela zilikuwa za nani. Zikiwa zake mwenyewe, watamhurumia siku mbili tatu kisha watamtarajia sokoni, na mara nyingi anarudi. Zikiwa za kikoba, au za shemeji, au za tajiri aliyempa mzigo kwa mali kauli, sauti zinashuka na mazungumzo yanahamia kwa wadhamini. Hapo kila mtu anajua kwamba huyo huenda wasimwone tena.

Mimi ni katibu wa kikoba ambacho wanachama wake wengi wanatoka pale sokoni na mitaa ya jirani. Kazi yangu ni daftari: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho. Kwa sababu ya daftari hilo nimeziona biashara nyingi zikifa, nikaona nani aliinuka na nani hakuinuka. Nimefikia kuamini jambo moja, na ninalisema mapema ili msomaji alipime kadiri anavyoendelea kusoma: mtu huanza tena au haanzi kutokana na namna biashara yake ya kwanza ilivyofungwa. Ujasiri wake, elimu yake, hata ukubwa wa hasara yake, vyote vinakuja nyuma ya hilo.

Nasema hivyo kwa sababu sipendi tunavyohubiriana. Kwenye semina za ujasiriamali, redioni, kwenye makundi ya WhatsApp, ujumbe ni ule ule: kuanguka si mwisho, inuka, jikung'ute vumbi, songa mbele. Maneno hayo yanamtwika aliyeanguka kazi yote peke yake. Nawafahamu watu wenye roho ngumu kwelikweli ambao wamekaa miaka bila kufungua hata meza ya nyanya. Nawafahamu pia waoga, watu wanaotetemeka wakiambiwa wasimame kutoa taarifa mbele ya wenzao, ambao walirudi sokoni ndani ya msimu ule ule.

Nianze na dagaa, maana katika Ziwa Victoria dagaa ndio wanaofundisha watu habari ya mtaji.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Taa ndizo zinazowavuta. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, kwa hiyo biashara nzima ina siku zake katika kila mwezi, na mwenye mkopo wa marejesho ya kila wiki anaijua adha yake, kwa sababu wiki ya mwezi mpevu nayo inahesabiwa. Alfajiri mitumbwi inarudi, mzigo unapimwa, dagaa wanaanikwa mchangani au juu ya chanja. Jua likiwaka vizuri, siku moja inatosha. Mvua ikiwakuta hawajakauka, wanalainika, vichwa vinakatika, ule weupe wa fedha unageuka kuwa rangi ya kutu, na harufu inabadilika. Hao hawaendi Kongo tena wala Burundi. Wanakwenda kwenye chakula cha kuku, kwa bei ambayo mara nyingine hairudishi hata gharama ya magunia na nauli ya boti.

Mama mmoja, mwanachama wetu, alikutwa na mvua ya namna hiyo kisiwani Irugwa, msimu wa vuli. Sehemu ya hela ilikuwa yake, sehemu mkopo wa kikoba, na sehemu kubwa mali kauli: mwenye mitumbwi, anayeishi huku mjini, alikuwa amempa dagaa kwa neno tu, alipwe mzigo ukishauzwa. Mvua ilinyesha mchana, ikarudi usiku, akaamka nayo asubuhi. Maturubai hayakutosha. Alipofika Mwaloni alikuwa na magunia machache yanayouzika na mengine mengi ambayo mtu mwingine angeyamwaga kule kule kisiwani asionekane nayo.

Yeye aliyaleta yote. Aliyapanga pembeni mwa ukuta, akampigia simu yule tajiri: "Kaka, njoo uone mwenyewe kabla sijauza." Nilikuwepo alipokuja. Alifungua gunia la kwanza, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa kiganja kilichojaa dagaa walioshikana mabonge, akanusa. Akafungua la pili na la tatu. "Mama, hapa hamna dagaa," akasema. Mama akajibu, "Ndiyo maana nimekuita." Mnunuzi wa chakula cha kuku akaitwa, wakapatana bei mbele ya wote wawili, hela ikahesabiwa, ikaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mtoto wa shule. Kilichobaki kuwa deni nacho kikaandikwa. Jioni ile mama akaja kwangu na karatasi. "Katibu, andika. Kwa tajiri nadaiwa hiki, kwenu nadaiwa hiki, kwa dada yangu hiki. Kingine sina."

Giza lililofuata, tajiri yule yule alimpa mzigo. Mdogo kuliko wa kwanza, na safari hii alitaka alipwe kila baada ya mauzo, lakini alimpa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba haoni sababu ya kumfukuza mtu ambaye deni lake anajua lilipo. Mama alichukua karibu mwaka mzima kumaliza. Leo bado yuko kwenye dagaa, na anaanika kwenye chanja tu, mchangani hagusi.

Sasa nimchukue kijana mmoja aliyekuwa na fremu barabara ya kuelekea Igoma. Aliuza makava, chaja na spika ndogo, na pembeni alifanya miamala ya simu. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa wengi: mteja aliyeingia kununua chaja alitoka na chaja, kava na waya wa ziada, akiwa anafurahi. Alilipa kilemba kuipata fremu ile, akalipa na kodi ya miezi sita. Kisha siku moja alitapeliwa floti, ile hela ya kuendeshea miamala. Mawakala wanaifahamu mbinu yenyewe, mtu anapiga simu anajifanya ni kutoka kampuni. Haikuwa hela ya kumuua mtu. Lakini kijana hakumwambia yeyote. Pengo la floti aliliziba kwa hela ya mauzo. Pengo la mzigo akaliziba kwa mkopo wa kikoba, akisema anapanua biashara. Marejesho ya kikoba akayalipa kwa mkopo wa wale tunaowaita kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, na marejesho yao akayalipa kwa programu za mikopo za kwenye simu.

Miezi yote hiyo fremu ilikuwa wazi. Nilikuwa napita pale, na rafu ya juu ilikuwa imepangwa makasha ya simu kwa ustadi, mapya, yanang'aa. Yote yalikuwa matupu. Aliyapanga ili mtu akitazama kutoka barabarani aone duka limejaa. Asubuhi moja fremu haikufunguliwa, namba ikawa haipatikani, na baadaye tukasikia yuko Geita, machimboni, anafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Wadhamini wake walikuwa wawili, rafiki aliyesoma naye na shangazi yake. Wakopeshaji walimwendea shangazi wakachukua friji aliyokuwa anauzia maji na barafu. Kwa hiyo zilikufa biashara mbili.

Hasara yake, ukiijumlisha hadi siku ile ya utapeli, ilikuwa ndogo kuliko ya mama wa Irugwa. Ana umri mdogo, ana ujuzi, na wateja wake bado wanamuulizia. Kwa hesabu za kawaida yeye ndiye aliyepaswa kuanza tena. Hajaanza, na wanaosema ni mwoga hawamjui. Kila anayeweza kumpa mzigo hapa mjini anamdai, au ni jirani wa anayemdai. Mwanza ni jiji, lakini kwa mambo ya mtaji ni kijiji kimoja. Ukitoka Mlango Mmoja hadi Kirumba habari yako imeshakutangulia.

Programu zile za simu zimeliongeza tatizo kwa namna ambayo kikoba hakijawahi kuifanya. Mtu akichelewa kulipa, ujumbe ulikuwa unatumwa kwa namba zote zilizomo kwenye simu yake: mchungaji, mwalimu wa mtoto, mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Nilifurahi kuiona orodha ile. Hata hivyo aibu iliyokwisha kusambazwa hairudishwi kwa tangazo, na kwa mtu anayeishi kwa mali kauli, kutangazwa vile ni sawa na kunyang'anywa mtaji kwa mara ya pili.

Huwa nawaza habari ya misiba. Mtu akifa hapa kwetu, awe Msukuma, Mkerewe, Mjita au Mhaya, kabla mwili haujaondoka nyumbani mzee mmoja wa ukoo atasimama na kusema: kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ajitokeze aonane na familia. Kisha kuna matanga, kuna siku ya kuanua matanga, kuna kikao cha kugawa kilichobaki. Watu wanalia, lakini katikati ya kilio kazi inafanyika. Deni linajulikana, atakayelibeba anajulikana, na siku inafika ambapo mjane anaweza kucheka barabarani bila kutazamwa vibaya. Biashara ikifa hatuna kikao hicho. Hakuna anayesimama kuuliza nani anadai. Fremu inakutwa na kufuli jipya la mwenye nyumba, na aliyekuwa ndani anabaki na msiba usio na siku ya kuisha.

Dean Shepherd, mwanazuoni wa mambo ya ujasiriamali, aliandika mwaka 2003 katika jarida la Academy of Management Review kwamba kupoteza biashara kunamtia mtu katika majonzi ya aina ile ile ya kufiwa, na kwamba majonzi hayo yanamzuia kujifunza kutokana na hasara yake. Alipendekeza kwamba anayepona vizuri ni yule anayekwenda na kurudi: wakati fulani anaikalia hasara na kuitafakari, wakati fulani anaiweka kando na kushughulikia yaliyo mbele. Nikilitazama daftari langu naona alichokisema. Mama wa Irugwa alikuwa na mahali pa kuikalia hasara, maana ilikuwa imeandikwa na mashahidi walikuwepo, na alikuwa na kitu cha kushika wakati mwingine, maana pembeni alikuwa anauza vitenge. Kijana hakuwa na hata kimoja.

Hiyo habari ya vitenge ina uzito kuliko inavyoonekana. Deniz Ucbasaran na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti uliowahusisha wajasiriamali 576 wa Uingereza. Waliokuwa na biashara zaidi ya moja kwa wakati mmoja, wakishaonja kushindwa, walipunguza ile imani kwamba wao watafanikiwa kuliko wenzao. Waliozoea kufunga moja ndipo wafungue nyingine hawakubadilika. Walishindwa, wakaingia kwenye inayofuata na matumaini yale yale. Nadhani aliyeweka kila kitu kwenye fremu moja, ikimfia, hana pa kusimama aitazame kwa utulivu. Inambidi aikimbie au aikatae. Mwenye vitenge pembeni anaweza kusema, "dagaa wamenishinda kwa sababu hii na hii," bila kujisikia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeharibika.

Kuna takwimu nyingine ambazo wahubiri wa "inuka tena" wangepaswa kuzisoma. Paul Gompers, Anna Kovner, Josh Lerner na David Scharfstein walifuatilia wajasiriamali wa Marekani waliopata fedha za wawekezaji wakubwa. Aliyewahi kufanikiwa alikuwa na nafasi ya asilimia 30 ya kufanikiwa katika kampuni inayofuata. Anayeanza kwa mara ya kwanza alikuwa na asilimia 18. Aliyewahi kushindwa, asilimia 20. Kampuni zenye wanasheria na wakaguzi wa hesabu ziko mbali sana na meza ya Mwaloni, najua, lakini tofauti ya 18 na 20 inaniambia kitu ambacho nakiona hata huku: kushindwa peke yake hakumfundishi mtu sana. Kuna kazi inayotakiwa kufanyika kati ya kuanguka na kuanza, na isipofanyika, anayeanza tena anaanza karibu sawa na mgeni.

Ndiyo maana siwasifu wote wanaorudi haraka. Nilimwona mama mwenye duka la vyakula ambaye kila jioni hela ilikuwa inapungua. Mtaani jibu la haraka lipo: chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela ya mwenzako. Mtu amekuja na noti yake, imeondoka na wenzake. Sibishani na imani ya mtu, na aliyelelewa ukanda huu hawezi kuwacheka wanaoamini. Ninachokiona ni kwamba jibu hilo likishatolewa, daftari halifunguliwi. Mama yule alibadilisha mtaa, akafungua duka jingine ndani ya miezi michache, na watu wakamwita jasiri. Kwenye duka la pili, kama la kwanza, watoto wa nyumbani walichukua mafuta na sukari bila kuandika, ndugu walikopa, na hela ya duka ililipa ada ya shule. Likafa kwa njia ile ile. Sasa ana uhakika kwamba amefungwa kichawi, na hataki kusikia habari ya duka. Kuanza upesi kulimmalizia hamu yote ya kuanza.

Zipo hasara ambazo jamii yenyewe inazifungia hesabu, na hapo utaona watu wanavyorudi kwa wepesi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa inatumiwa na baadhi ya wavuvi. Mawakala waliokuwa wanapeleka sangara viwandani walibaki na hasara mikononi. Mwaka 2020 korona iliposimamisha safari za ndege, bei ya sangara ilianguka tena. Katika nyakati kama hizo hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole, kwa sababu kila mtu anajua kilichotokea na lini kilitokea. Mkopeshaji naye anajua. Wakala wa sangara aliyefilisika wakati wa korona unaweza kumuuliza hadharani alipoteza kiasi gani, akakutajia bila kuinamisha uso.

Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 hivi juu ya maji, safari ya kusubiri kivuko ikabaki historia. Sisi wasafiri tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia; watu wamepoteza wagonjwa wakisubiri ng'ambo ile. Lakini biashara ya samaki wa kukaanga, mahindi na maji ya chupa iliishi kwa sababu ya foleni ya kivuko. Akina mama wa pale hawakuhitaji kumweleza mtu yeyote kwa nini wamefunga. Daraja lilikuwa linaonekana. Ninaowafahamu walishaanza kutafuta pa kwenda kabla ya siku ya uzinduzi, na wakopeshaji wao walikuwa wa kwanza kuwaambia wapunguze mizigo. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilikuwa tofauti. Nyavu zilichomwa, na humo kulikuwa na waliojua wanavua kwa zana haramu, na wengine waliojiona wameonewa. Kwa kuwa lawama haikuwa wazi ni ya nani, wapo matajiri wa kambi ambao hadi leo ukitaja kurudi ziwani wanabadilisha mazungumzo.

Kwa mfanyabiashara mdogo, sheria haimsaidii sana kufunga. Tanzania tunayo Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, lakini kwa watu wetu ufilisi ni neno la mahakamani na la wakubwa. Sijasikia muuza dagaa hata mmoja aliyekwenda kuutumia. Uingereza walibadilisha sheria yao mwaka 2002, na kuanzia Aprili 2004 mtu aliyetangazwa mufilisi anaachiliwa kwa kawaida baada ya miezi 12, badala ya miaka 3 ya awali. Walifanya hivyo kwa makusudi, ili aliyeanguka bila kudanganya arudi kwenye biashara mapema. Kilichonivutia hapo ni kwamba kuna tarehe. Mtu anajua siku ambayo atakuwa amemaliza.

Huku kwetu hata ofisi za serikali zinataka ufunge rasmi, na wengi hawalijui hilo. Ukifunga biashara bila kuwataarifu TRA, wao wanaendelea kukuhesabu kama unafanya biashara, na deni la kodi linakua wakati wewe uko shambani. Siku unapotaka kufungua tena, unakutana nalo mlangoni. Nawaomba wanachama wetu kila mara: ukifunga, andika barua, ipigwe muhuri, tunza nakala. Ni jambo dogo lakini nimeona likimzuia mtu mwenye mtaji mkononi.

Mikopo ya halmashauri nayo, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, haina riba, na ni msaada mkubwa. Ilisimamishwa mwaka 2023 kisha ikarudishwa mwaka uliofuata. Kwa wanawake na vijana hutolewa kwa vikundi, kuanzia watu watano. Hapo pana ugumu ambao ningependa maofisa maendeleo ya jamii waufikirie: mmoja akiporomoka na kutoweka, wanne waliobaki hawana namna ya kuonyesha kwamba wao walifanya kazi yao. Biashara ya kikundi inakufa na majina yote matano yanabaki kitabuni. Wanawake watatu ninaowafahamu wamekaa hivyo, wakilipa kidogokidogo deni la mwenzao aliyehamia mkoa mwingine, na hakuna anayewaruhusu kuomba upya.

Kikoba chetu kiliongeza kifungu kwenye katiba yake. Mwanachama ambaye biashara imemshinda akija mwenyewe kabla hajaruka marejesho matatu, akaleta orodha ya wote anaowadai na wote wanaomdai, wakiwemo wa nje ya kikundi, riba yake inasimama siku ile. Deni linapangwa upya kulingana na anachokipata. Anaendelea kununua hisa, hata moja kwa wiki, ili asipoteze sauti kikaoni. Mdhamini anaarifiwa mbele yake, siyo nyuma yake. Asiyekuja, utaratibu wa zamani unamhusu.

Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliosema tunawafundisha watu kushindwa. Mwanachama mmoja mtu mzima, fundi wa mashine za boti, alisema kwamba mtu akishajua atapokelewa atakopa bila woga. Hoja yake nimeipa uzito, na ndiyo iliyotufanya tuweke sharti la orodha kamili. Ukificha mdai mmoja, kifungu hakikuhusu tena. Tangu hapo wamekuja wachache. Ninachoweza kusema ni kwamba waliokuja wanakuja mapema zaidi, wakati bado kuna kitu rafuni cha kuuza, na hilo pekee limepunguza hasara. Udhaifu ni kwamba kifungu kinatufunga sisi tu. Kausha damu hawana katiba. Mama mwenye kibanda cha chipsi Pasiansi alifuata utaratibu wetu wote, sisi tukasimamisha riba, na wiki ile ile akaja mkopeshaji wa nje akabeba jiko.

Mwezi uliopita shangazi wa yule kijana wa fremu alinifuata nyumbani. Alikuwa ametumwa. Kijana anataka kujua anadaiwa kiasi gani na nani, kila kitu, hadi cha mwisho. Nilikaa na daftari, nikawapigia wale ninaowajua, nikaiandika orodha kwenye ukurasa mmoja, nikaipiga picha na kumtumia shangazi ampelekee. Usiku kijana alinipigia mwenyewe. "Shikamoo katibu." Kisha moja kwa moja akasema orodha ina upungufu. Akanitajia wadai wawili ambao sikuwa nao, jirani wa fremu aliyemwazima hela ya floti na mwenye nyumba anayedai umeme wa mwezi wa mwisho. Nikawaandika.

Anaweza kutuma kiasi kidogo kila mwezi kutoka Geita. Ameomba aanze na friji ya shangazi, ndipo atufuatie sisi, kisha wengine kwa ukubwa wa deni. Habari ya kufungua duka hakuitaja, nami sikumuuliza. Kikao kilikubali. Wanachama wawili hawakuridhika kikoba kuwekwa nafasi ya pili. Hoja yao imeandikwa kwenye kumbukumbu, na tutairudia tukikutana Desemba kugawana.